Wito Unaonuka

Ndugu zangu Waislamu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, nanyi mliokuja kuswali nasi kutoka Mbarara, sikilizeni.

Juzi bombani watoto wawili waligombea zamu ya kuteka maji, dumu likamwagika. Ungekuwa ugomvi wa foleni tu. Lakini mmoja akapaza sauti kuwaita watu wa kabila lake, mwenzake akawaita wa kwao, na watu wazima wakaja na fimbo.

Wenye kusimulia sira wanasema ilikuwa hivyohivyo, kwenye maji, Mtume sallallahu alayhi wasallam akiwa safarini. Muhajiri, aliyehama kutoka Makka, alimpiga Ansari, mwenyeji wa Madina, kila mmoja akaita watu wake. Kabla ya kuuliza kisa, Mtume alikemea wito kuwa ni wa kijahiliya; alipoelezwa akasema uachwe, unanuka. Na majina hayo mawili, Muhajirina na Ansari, Allah ameyasifu ndani ya Qur'ani! Hata jina tukufu, likiitiwa vita, linanuka.

Tuliotoka Kongo tunaijua harufu hiyo. Uhuru ulipatikana 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza kuwa limejitenga. Iliyotafutwa ni shaba, na Wabelgiji walioichimba walimshika mkono. Kwa raia wa kawaida yaligeuka kuwa mambo ya asili: huyu wa hapa, yule wa kuja. Mwaka 1961 maelfu ya Waluba wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walizikimbia nyumba zao wakajazana kambini, wakimbizi ndani ya mji wao wenyewe. Januari 1963 kujitenga kukakoma. Wito haukukoma: 1992 na 1993 wenye asili ya Kasai, wengi wao Waluba, wakafukuzwa tena Katanga.

Sisemi dhuluma inyamaziwe, hasha. Surat Al-Hujurat inaamrisha wanaopigana wapatanishwe, anayevuka mpaka azuiwe, kisha suluhu iwe ya uadilifu. Aliyeonewa bombani adai haki yake, tutamsimamia. Aidai kwa jina lake, asilikodi la kabila.

Ardhi hii inapokea watu tangu Wanyarwanda waliokimbia ghasia za 1959. Leo Mrundi, Msomali na Mkongomani mmesimama safu moja, na kila mmoja ana wito uliomfukuza kwao. Msiwafundishe watoto wito huo.

Baba wa watoto wale wawili, nawaona, mmoja safu ya mbele, mwingine karibu na mlango. Tukishatoa salamu msiondoke. Mkeka umetandikwa nje, na dumu limeshajazwa maji.