Vidonge Tulivyonunua Ni Vya Nani?

Katika maduka ya dawa ya Msasani, kama kwingineko Dar es Salaam, si ajabu kumsikia mtu akiomba vidonge vinne vya rangi mbili kwa ajili ya mafua. Hajapimwa wala hana cheti cha daktari. Akiulizwa, hujibu kwamba fedha ni yake na mwili ni wake. Je, ni kweli?

Elimu ya tiba inatupa jibu la kwanza. Mafua huletwa na virusi, na antibaotiki haziui virusi, huua bakteria. Tukizimeza pasipo sababu, bakteria dhaifu hufa, walio sugu hubaki na kuzaana. Usugu huo haukai kwa aliyemeza dawa tu. Hupita kwa mikono, maji na chakula, hata umfikie mtoto wa jirani mwenye nimonia, ambaye dawa ileile huenda isimfae tena. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, kwamba dozi pungufu huweza kuwafanya vijidudu kuwa sugu. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Imani inatupa jibu la pili. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anafafanua amri ya tano kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Yatupasa kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili wake. Basi hata kumgawia jirani vidonge vilivyobaki nyumbani, jambo tunalolifanya kwa upendo, kwaweza kumdhuru. Upendo nao unahitaji maarifa.

Lakini tusiwe wepesi kumhukumu mnunuzi wa vidonge vinne. Mama anayekaanga samaki akishinda kwenye foleni ya hospitali, jioni watoto wake watakula nini? Pengine alinunua vinne kwa sababu fedha yake iliishia hapo. Kumwambia akapime, kisha tukamwacha bila nauli, ni kumtwika mzigo tusiotaka kuugusa. Hapo ndipo diakonia ya usharika inapopimwa.

Kinga ya mwili nayo hujengwa jikoni, siku kwa siku. Dagaa, maharage, mchicha na mapapai vinapatikana katika masoko yetu. Na mtoto mchanga ana maziwa ya mama yake. Lishe haichukui nafasi ya dawa: mwenye nimonia ya bakteria anahitaji antibaotiki, tena azitumie kama alivyoandikiwa. Ila mwili uliolishwa vema hupambana vizuri zaidi na maradhi, na asiyeugua mara kwa mara hana haja ya dawa mara kwa mara.

Tunapoomba mkate wetu wa kila siku, Luther anatufundisha kuhesabu humo chakula, afya na majirani waaminifu. Tunaviomba kwa pamoja kanisani. Tusivitenganishe tufikapo dukani.