TUBURUDISHE MIOYO YA NDUGU ZETU

Somo: 2 Timoteo 1:15-18



Mtume Paulo alipokuwa kifungoni kule Roma, rafiki wengi walimkimbia. Anawataja kwa majina Figelo na Hermogene. Lakini anamtaja pia Onesiforo, mtu wa Efeso. Huyu alipofika Roma alizunguka akiuliza, mpaka akajua mahali mfungwa alipo. Hakuogopa watu watasema nini.

Neno ambalo Paulo anatumia juu yake lina maana ya kupoza, kama vile upepo unavyompoza mtu aliyechomwa na jua. Tuangalie vizuri: Onesiforo hakuleta ufunguo wa gereza. Mnyororo ulibaki, lakini moyo ulipoa. Basi mtu asiseme, «Sina franka, nitaenda kufanya nini kwake?»

Sisi watu wa Kongo tunajua jambo hili. Papa Simon Kimbangu alikamatwa katika mwezi wa Septemba 1921, akapelekwa mbali na Nkamba, mpaka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Alifia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Mama Muilu Marie, aliyenyang'anywa bwana yake, angeweza kukaa na kulia tu. Kumbe yeye ndiye aliyewatia waamini moyo kwa siri ili imani isizimike. Hata mwenye kidonda anaweza kumburudisha mwenzake.

Na leo? Katika magereza yetu wafungwa wengi wanakula siku ile tu ndugu zao wanapoleta bukari. Wako waliokimbia vita, wanaolala kwa watu. Wako wajane: siku za matanga nyumba inajaa, matanga yakiisha, njia ya kwao inaota majani. Mwezi wa pili ndio mzito kuliko wa kwanza.

Lakini tukienda, tusiende kama wapelelezi, kutafuta nani alimloga ao alitenda zambi gani. Rafiki za Yobu walikaa naye chini siku 7, kimya. Hapo walikuwa wafariji. Walipofungua kinywa kumhukumu, wakawa mzigo juu ya mzigo. Mgonjwa anayeulizwa zambi zake mbele ya kupewa maji, huyo hatukumburudisha, tulimwongezea homa.

Basi, wapenzi, kila mmoja wetu achague mtu mmoja juma hili. Aende kwake, aketi, asikilize, aombe naye kwa maneno machache. Akiwa na sombe, apeleke sombe. Akiwa na mikono mitupu, amchotee maji. Na juma lijalo arudi tena, kwa maana Onesiforo hakwenda mara moja tu.

Siku ile Bwana atakapotuuliza habari za mfungwa na za mgonjwa, tuwe na jina la kumtajia.

Mungu awabariki. Amina.