Haki Yake Mpeni

Jirani yangu hapa Kakuma, mama mzee anayetembea kwa magongo, alirudi kutoka kituo cha afya mikono mitupu. Mwanawe humlipia bima ya afya. Ila pale dirishani mashine ilikataa alama za vidole vyake. Vidole hivyo vimelima mihogo tangu utoto, mistari imefutika. Akaambiwa, "Mashine imekataa, mama." Basi. Mimi niliyemsindikiza nikanyamaza.

Jioni nikamwambia turudi tukaulize. Akasema, "Mwanangu, sisi ni wageni. Mgeni hagombani na mwenye nyumba."

Neno hilo lilininyima usingizi. Kweli tulipokelewa, na shukrani ni deni. Lakini je, anayeshukuru amepoteza ruhusa ya kuuliza? Bima imelipiwa. Si hisani, ni ahadi. Na kuomba ahadi itimizwe si ugomvi.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 38, inapotaja kura inasema kila raia. Kifungu cha 47 kinasema kila mtu: ana haki ya kuamuliwa jambo lake kwa haki na bila kucheleweshwa, na uamuzi ukimnyima haki yake, apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 54 kinataka wenye ulemavu watendewe kwa heshima, cha 57 vilevile wazee. Na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeweka baraza la kuamua migogoro ya bima.

Kwa nini sababu iandikwe? Kwa sababu mashine haina aibu wala jina. Anayeandika sababu lazima aifikirie, na aliyenyimwa anapata kitu cha kupinga. Kumnyima mtu bila sababu ni kumwambia hastahili kujibiwa. Kwa mzee asiyeweza kurudi dirishani mara tatu, kimya hicho kinatosha kummaliza.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilidhani methali hiyo inawahusu wakubwa tu. Sasa naona inanihusu na mimi niliyesimama nyuma yake kimya, na wewe ndugu wa shirika unayesema "mfumo umekataa" kisha unaita mwingine.

Jumatatu niliandika barua ya kuomba sababu. Mama akatia dole gumba kwenye wino, akalibandika chini. Jibu bado. Lakini safari hii tuna nakala.