Tunawiwa na Wazee Wetu

Maandiko: Warumi 1:14, Nehemia 8:1–8, Mithali 11:1, Luka 14:28–30

Leo nataka tuzungumze juu ya deni. Najua neno hilo halipendwi. Mtu akiona namba ya anayemdai kwenye simu, anaiacha iite mpaka ichoke. Lakini mtume Paulo hakulikimbia. Katika Warumi 1:14 anasema kwamba anawiwa, yaani anadaiwa, na Wayunani na wasio Wayunani, wenye hekima na wasio na hekima. Hebu tujiulize: watu hao walimkopesha Paulo nini? Wengi wao hakuwa hata amewaona kwa macho. Lakini Mungu alikuwa ameweka mikononi mwake kitu kilichokuwa chao pia, na mpaka kiwafikie, Paulo alijihesabu mdaiwa.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mtanivumilia nikitumia lugha ya daftari la mahesabu. Upande mmoja unaandika ulicho nacho. Upande wa pili unaandika unachodaiwa. Sisi vijana wa kanisa hili tunajua sana upande wa kwanza: cheti cha kidato cha nne, diploma, digrii. Leo tuufungue upande wa pili.

Nani alilipa karo?

Cheti changu kilinunuliwa na viazi na maziwa. Kama ulizaliwa hapa Kuresoi, yaelekea chako pia. Kuna mtu aliamka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Mau ikimkata vidole, akakama ng'ombe, kisha akaenda kuchimba viazi. Akavifikisha barabarani na kukubali bei ya broka, hata kama ilikuwa ya kuumiza, kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Mara nyingi mtu huyo hakuwa na darasa hata moja. Kama ni msichana, aliachwa nyumbani alee wadogo wake ili kaka yake asome. Kama ni mvulana, alipewa fimbo achunge. Wengine walianza kujifunza herufi ukubwani, kisha machafuko ya 1992, na tena yale ya 2007 na 2008, yakawahamisha. Wakarudi wakatengeneza nyumba kwanza, masomo yakasahaulika.

Wapendwa, tuseme ukweli. Wengi wetu tulisoma kwa sababu wao hawakusoma. Karo ilitosha mtu mmoja, na mtu huyo akawa wewe.

Sasa wazee hao tunaabudu nao kila Jumapili. Wengine wana Biblia nzuri yenye zipu. Mhubiri akitaja mlango na mstari, wanafungua popote, wanatazama chini, wanangoja tumalize. Isaya 29:12 inamtaja mtu aliyepewa kitabu akaambiwa asome, naye akajibu kwamba hajui kusoma. Mtu huyo yuko hapa kanisani kwetu. Ameketi safu ya tatu.

Darasa la Jumatano

Mnajua kwamba kila Jumatano saa nane mchana, kile chumba cha Sunday school hugeuka kuwa darasa la ngumbaru. Tulipoanza tulikuwa na walimu tisa wa kujitolea. Leo wamebaki watatu, na mmoja wao anahamia Nakuru mwezi ujao. Wanafunzi hawajapungua. Waliopungua ni walimu. Mambo yakiendelea hivi, darasa litafungwa kabla ya Krismasi, na litafungwa na sisi tunaojua kusoma.

Kuna mtu ataniuliza, "Pasta, mzee wa miaka 75 atasoma ili afanye nini?" Swali hilo nalijua. Kwenye biashara tunaita kupima faida ya mtaji. Basi tupime.

Mama mmoja wa darasa hilo amepita miaka 70. Anapokea pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Siku za kupokea, alikuwa akitoa simu na namba yake ya siri kwa mjukuu, anangoja aambiwe ni ngapi zimeingia na ni ngapi zimebaki. Sijasema mjukuu ni mwizi. Ninasema kogo hakuwa na njia ya kujua. Mwalimu wake, kijana wetu wa kwaya, hakumwanzisha na a, e, i, o, u. Alimwanzisha na tarakimu, moja hadi kumi, kisha akamfundisha kusoma ujumbe wa simu yake mwenyewe. Msimu wa viazi ulipofika, mama huyo alisimama kwenye mzani akamwambia broka, "Hiyo si hamsini, mwanangu. Pima tena."

Mithali 11:1 inatuambia kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana. Sheria ya Kenya nayo, tangu kanuni za viazi za 2019, inasema gunia lisizidi kilo 50. Tuna Neno na tuna sheria. Lakini kama anayepimiwa hawezi kusoma mzani, atajuaje? Gunia litavishwa kilemba mbele ya macho yake na atasema asante.

Ongeza paketi ya dawa iliyoandikwa mbili kutwa mara tatu. Ongeza karatasi ya shamba inayotiwa kidole gumba bila kusomwa. Ongeza uvumi. Sisi wa Kuresoi tunajua uvumi unaweza kufanya nini wakati wa uchaguzi. Asiyeweza kujisomea husomewa, na anayemsomea anaweza kuongeza yake. Ndiyo maana moyo wangu hufurahi Jumatano nikiona kogo wa Kikipsigis na shosho wa Kikikuyu kwenye benchi moja, wakibishana kama hiyo ni b au d. Miaka ile hatukudhani tutaliona benchi hilo.

Je, mzee anaweza?

Anaweza. Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo kule Eldoret akiwa na miaka 84. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wengine. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa hii: alitaka kuisoma Biblia yeye mwenyewe. Mwaka 2005 alikwenda New York kuutetea haki ya elimu mbele ya viongozi wa dunia. Na ghasia za 2008 zilipompeleka kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, bado alitembea kilomita kadhaa kwenda shule.

Kule Ndalat, Nandi, Priscilla Sitienei, aliyejulikana kama Gogo, alikuwa darasani mwaka 2015 akiwa na miaka 90. Alikuwa mkunga kwa miaka zaidi ya 60, na baadhi ya watoto waliosoma naye aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Naye alitaka kusoma Biblia, na alitaka kuandika maarifa yake ya ukunga yasipotee. Mnaona? Mzee akijifunza kuandika, sisi ndio tunaopokea. Kuna mambo mangapi ya kijiji hiki yatakayozikwa kwa sababu aliyeyajua hakushika kalamu?

Lakini si kila mzee ataweza kuvaa kaptura akakae na watoto. Wengi wanahitaji darasa lao na mwalimu wao. Uchunguzi wa kitaifa wa 2006 ulionyesha kwamba watu wazima asilimia 38.5 nchini Kenya, kama watu milioni 7.8, hawakujua kusoma na kuandika vya kutosha. Serikali ina walimu wa elimu ya watu wazima, lakini hawawezi kufika kila kona.

Majirani zetu Tanzania walilijua hilo mapema. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967, watu wazima wawili kati ya watatu kule hawakujua kusoma. Kufikia 1986, kwa hesabu ya serikali yao, ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Pesa za kuajiri walimu wote hao hazikuwepo. Wengi waliofundisha walikuwa watu wa kujitolea: mwalimu wa msingi baada ya kazi yake, mwanafunzi, mkulima aliyejua kusoma akamshika mkono jirani yake.

Ezra mmoja, wasaidizi 13

Fungua Nehemia 8. Watu wamekusanyika, wanaume na wanawake. Ezra amesimama juu ya mimbari ya mti, anasoma tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sisi tunampenda Ezra. Sisi Wapentekoste tunapenda mimbari na maikrofoni. Lakini soma mstari wa 7 polepole. Kuna majina 13 pale: Yeshua, Bani, Sherebia na wenzao, pamoja na Walawi. Kazi yao ilikuwa kuwasaidia watu kuelewa yaliyosomwa. Ezra yuko juu, wao wako na watu.

Hesabu mwenyewe. Msomaji mmoja, wafafanuzi 13. Kanisa letu limegeuza hesabu hiyo. Nikitangaza nafasi ya kuhubiri kwenye mkesha, napata majina 13 kabla sijafika mlangoni. Nikitangaza nafasi ya kuketi kando ya mzee na kumshika mkono aandike jina lake, watu wanaanza kutafuta viatu. Mungu aliwaandika hao 13 kwa majina, na hakuna mahubiri yao hata moja yaliyohifadhiwa. Kilichohifadhiwa ni kwamba watu walielewa.

Hesabu gharama

Sasa tuje kwa Luka 14:28–30. Yesu anasema anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama, asije akaacha msingi na watu wakamcheka. Kujitolea si bure, wapendwa. Kujitolea ni kazi ambayo mshahara wake umeubeba wewe mwenyewe. Kwa hivyo uhesabu kabla hujatoa jina.

Tunaomba saa mbili kwa wiki, kwa wiki 40. Hizo ni saa 80. Mwaka una saa 8,760. Hiyo haifiki asilimia moja. Lakini ni saa 80 za kweli. Mzee aliyejikaza, akaosha gamba za viazi mikononi, akatembea mlima ule na kukuta mwalimu hayuko, hatarudi. Aibu aliyoishinda mara moja hutamwomba aishinde mara mbili.

Hesabu na subira. Mzee ataisahau Jumatano hii herufi uliyomfundisha Jumatano iliyopita. Wakati wa kupanda atakosa wiki tatu. Usimwambie amechelewa. Usimsahihishe kwa sauti mbele ya wengine. Yeye ni mzazi wako. Usimletee kitabu cha paka na mpira. Mletee jina lake, namba yake ya simu, Zaburi anayoijua kwa kichwa tayari. Andika kwa herufi kubwa, mkalishe karibu na dirisha. Wakati mwingine utagundua anachohitaji kwanza ni miwani ya kusomea tu.

Na usingoje posho. Ukitaka kulipwa, kumbuka ulishalipwa. Ulilipwa kwa viazi, muhula baada ya muhula.

Wewe kijana uliyezunguka Nakuru na bahasha ya vyeti mpaka soli ya kiatu ikaisha, usiseme huna cha kumpa Mungu. Hujapata kazi, lakini unajua kusoma. Nawe mwalimu mstaafu, chaki bado inakujua. Nawe wa kidato cha nne unayedhani hujasoma vya kutosha, kwa mtu asiyejua a, wewe ni profesa.

Baada ya ibada, katibu atakuwa mlangoni na daftari. Tunahitaji majina sita. Usiandike kwa sababu pasta amesema. Enda nyumbani kwanza, umwangalie aliyekusomesha, ndipo uandike.

Tuombe

Baba, asante kwa mikono iliyochimba ili sisi tushike kalamu. Tupe moyo wa kulipa tunachowiwa, wakati wanaotudai wangali hai. Wape wazee wetu macho, kumbukumbu na ujasiri. Wape walimu wao subira. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Nani alikosa shule ili wewe usome? Mtaje kwa jina, mmwombee.
2. Someni Nehemia 8:1–8. Kwa nini wale 13 wameandikwa majina?
3. Kuna mzee gani jirani yenu asiyeweza kusoma ujumbe wa simu yake? Nani kati yenu atamtembelea kabla ya Jumatano?