Bei ya Mlangoni

Wengi wetu tumefunzwa kuwa mapatano ni haki. Watu wawili wakikutana, mmoja akataja bei, wa pili akaipunguza, na wa kwanza akakubali, basi jambo limekwisha, wala hapana mtu wa tatu mwenye ruhusa ya kuwauliza neno. Fikira hii ni nzuri, na ndani yake mna kweli nyingi. Lakini je, kila neno "nimekubali" litokalo kinywani mwa mtu ni ushahidi kuwa mtu huyo ametendewa haki? Hili ndilo swali ninalotaka tulipime pamoja, msomaji. Na kwa kuwa mara nyingi jambo kubwa huonekana wazi zaidi katika jambo dogo, nakuomba unifuate mpaka Watamu, tusimame mlangoni pa nyumba moja ya wageni, saa saba ya mchana.

Watamu ni mji wa pwani ya Kenya, kusini ya Malindi. Bahari yake ina hifadhi ya taifa iliyowekwa mwaka 1968, miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari katika Afrika. Na kwa kuwa kuvua ndani ya hifadhi hiyo ni marufuku, wavuvi hulazimika kuitafuta riziki yao nje ya mipaka yake. Likizo ya Disemba ikifika, jamaa wengi hushuka kutoka Nairobi kuja kupumzika. Mpaka mwaka 2017 safari ya reli ya kwenda Mombasa ilikuwa ya usiku kucha au zaidi. Sasa treni mpya huwafikisha Mombasa kwa saa chache, na kutoka hapo husafiri kwa gari zaidi ya kilomita 100. Baadhi yao hawapendi chakula cha hoteli mara tatu kwa siku, au mfuko wao hauwaruhusu. Basi hukodi nyumba yenye jiko, wapike wapendacho.

Lakini aliyekuja kupumzika hapendi kwenda sokoni juani. Hushika simu. Mwenye pikipiki huleta unga, mafuta na nyanya kutoka Gedi. Mama mmoja huleta madafu. Na kijana mwenye baiskeli huleta samaki katika sanduku la barafu. Nataka nikiri mapema kuwa hapana aibu katika kuletewa. Mguu unaotumwa kwa ujira huleta ugali nyumbani kwa mwenye mguu. Kama wageni wote wangeamua kujitumikia wenyewe ili waonekane wanyenyekevu, nyumba nyingi za Watamu zingelala njaa. Basi swali letu si kama ni halali kuletewa. Swali ni jinsi tunavyompokea aletaye.

Tuseme baba mmoja alipiga simu asubuhi. Alitaka nguru wa kilo 3. Kijana alipouliza juu ya bei, baba alijibu kwa upole, "Wewe mlete tu, mwanangu; bei tutaelewana ukifika." Kijana akaenda pwani, akamnunua nguru kwa wavuvi kwa shilingi 1,600, akampakia, akaendesha baiskeli yake katika mchanga na lami. Alipofika mlangoni, jua lilikuwa utosini na barafu imekwisha kuwa maji. Akataja shilingi 2,100. Baba akamgeuza samaki huku na huku, akatazama maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka katika sanduku, akasema, "Nina 1,500. Hutaki, basi, mchukue." Kijana akasimama kimya kidogo, akajipangusa jasho, akasema, "Haya, baba." Fedha ikapita kwa simu, mlango ukafungwa. Hapakutukanwa mtu, hapakupigwa mtu, wala hapakuibwa kitu. Watoto wa nyumba ile, waliokuwa wakitazama barazani, waliona biashara tu.

Baba yule angeweza kujitetea vizuri, na yatupasa kumsikiliza kabla ya kumhukumu. Angesema: "Mimi sikumlazimisha. Kupunguziana bei ni desturi ya pwani tangu zama, na wazee wamesema kuwa biashara haigombi. Kijana ni mtu mzima, ana akili yake. Alikuwa na hiari ya kukataa. Kama alikubali, ni kwa sababu aliona kukubali kuna faida kuliko kukataa. Nani mimi niijue faida yake kuliko yeye mwenyewe?"

Utetezi huu si wa mpumbavu. Sehemu yake ya mwisho ni kweli kabisa: kijana alikubali kwa sababu kukubali kulikuwa bora kuliko kukataa. Lakini tuulize, kulikuwa bora kwa nini? Akichukua shilingi 1,500, amepata hasara ya 100 na ya jasho lake. Akikataa, atarudi na samaki anayeharibika, na huenda jioni asipate hata 1,000. Alichagua hasara ndogo ili aepuke kubwa.

Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitoa mfano ambao wana wa pwani wataufahamu upesi. Chombo kimekumbwa na tufani. Nahodha anaitupa shehena baharini ili aokoe roho za watu. Je, ameitupa kwa hiari? Aristotle aliona kuwa kitendo hiki kimechanganyika. Katika saa ile nahodha amechagua, maana mikono ni yake na amri ni yake. Lakini hapana mtu mwenye akili ambaye angetupa mali yake hivi hivi, pasipo tufani. Kijana wa samaki ni nahodha huyu. Tufani yake ni jua. Neno lake, "Haya, baba," lilikuwa lake kweli, lakini lilitoka katika dhoruba.

Hapa baba yule atainuka tena: "Jua sikuliwasha mimi." Ni kweli, hakuliwasha. Lakini alifanya mambo mawili. Kwanza, alilitumia: hakusema kuwa samaki ni mdogo, wala kuwa hana ladha, alitazama maji ya barafu, akaona kuwa dhiki ya mwenzake imekuwa upande wake. Pili, na hili ni kubwa zaidi, yeye ndiye aliyemtoa kijana mahali penye wanunuzi wengine na kumweka mahali penye mnunuzi mmoja. Pwani asubuhi kijana alikuwa mtu huru, maana mmoja akimnyima bei, wa pili alikuwa karibu. Maneno yale ya upole, "tutaelewana ukifika," yaliuondoa uhuru huo kidogo kidogo kwa kila mzunguko wa gurudumu. Bei ya samaki ni ile ile. Aliyebadilika ni mtu.

Usidhani, msomaji, kuwa nasema tajiri ni mbaya na maskini ni mwema. Wako wauzaji ambao humwona mgeni asiyejua bei za mji wakamtajia mara mbili au tatu ya bei ya jirani, kisha wakacheka njiani. Huyu naye hakumlazimisha mtu, mgeni alikubali. Lakini kama mnunuzi yule alivyokula dhiki, muuzaji huyu anakula ujinga. Sheria ya Kiislamu, ambayo wafanya biashara wa pwani hii wameifuata kwa karne nyingi, ililiona jambo hili zamani sana. Imekatazwa kwenda kuulaki msafara wa wauzaji njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, maana hawajajua bei ya mji. Wenye msafara wangekubali, na pengine kwa furaha. Hata hivyo imekatazwa. Waliofikiri juu ya biashara kwa makini walikwisha ona kuwa ridhaa ya mtu asiyejua si ridhaa kamili.

Basi tutaipimaje bei? Nakupa kipimo kimoja, nawe ukijaribu. Jiulize kama waweza kumwambia mwenzako, waziwazi na mbele ya watoto wako, sababu ya bei unayoitaka. "Nakupunguzia kwa sababu samaki huyu si mkubwa kama ulivyosema." Hilo lasemeka. "Naongeza shilingi 200 kwa sababu nimeendesha baiskeli mchana kutwa." Hilo pia lasemeka. Lakini, "Nakupunguzia kwa sababu samaki wako ataoza kabla hujapata mwingine wa kumnunua," au, "Nakuongezea kwa sababu wewe hujui," ni maneno ambayo ulimi hukwama nayo. Huenda akatokea mtu mwenye uso mkavu akayasema bila haya. Huyo na aulizwe swali la pili: kama angesemwa hivyo yeye, angeona ametendewa haki?

Wala kipimo hiki hakimwamuru mnunuzi kulipa kila atakachotajiwa. Kupatana bei ni kuzuri, ni mazungumzo, na watu hufahamiana kwa njia hiyo. Lakini kuna wakati wake. Ile simu iliyotumika kumwita kijana ingeweza kutumika pia kumwuliza: pwani leo samaki ni kiasi gani, na jasho lako ni kiasi gani? Hapo wote wawili wangekuwa huru. Mmoja angeweza kumpigia muuzaji mwingine, na mwingine angeweza kumgeukia mnunuzi mwingine. Bei ipatanwe kabla ya safari, na ikipatanwa ilipwe mlangoni. Malipo kwa simu yalianza Kenya mwaka 2007, na tangu hapo aliye na fedha aweza kulipa kabla jasho la aliyeleta halijakauka; asijifiche nyuma ya maneno, "nitakutumia jioni."

Msomaji, sijui uko upande gani wa mlango ule. Huenda wewe ni mmoja wa watoto waliokuwa barazani, uliyekula nguru yule akiwa amepikwa kwa tui la nazi, ukamwona mtamu. Huenda wewe ni mdogo wake kijana wa baiskeli, na shilingi zilizopungua zilikuwa za daftari lako. Miaka michache ijayo utakuwa mnunuzi wewe mwenyewe, au muuzaji, au siku moja hiki na siku nyingine kile. Siku hiyo mwenzako atakapokujibu, "Haya," usifanye haraka kuufunga mlango. Mtazame usoni kwanza, kisha utazame jua limefika wapi.