Je, Huruma Yaweza Kuwa Udhalimu?

Hapa kwetu Mawengi, katika milima ya Ludewa, baridi ya Juni na Julai humfundisha mtu thamani ya kitu chochote kizuiacho nyayo zisiguse sakafu. Labda ndiyo sababu wanawake kumi na wanne wa jirani zangu walijifunza kutengeneza mazulia ya sufu, wakafanya chama. Mimi ni mwalimu wa shule, wala sijui kushika kulabu. Lakini kwa kuwa walihitaji mtu wa kuandika hesabu, walinifanya katibu wao. Katika kazi hiyo nilitenda jambo moja nililolihesabu kuwa wema, na tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi kama halikuwa udhalimu.

Yafaa kwanza nieleze kazi yenyewe, maana bila kuijua neno langu halitafahamika. Huchukua gunia wakalikaza katika kiunzi cha mbao, kama ngozi ya ngoma. Sufu hawanunui mpya; huchagua masweta makuukuu katika mitumba ya Makambako. Mjuzi huchomoa uzi mmoja akautia moto: ukinuka kama nywele ziunguazo, ni sufu ya kondoo, ukiyeyuka na kuganda kama lami, ni uzi wa kiwandani, huachwa. Kisha sweta hufuliwa katika maji ya moto hata likasinyaa na kushikamana, lisiweze kufumuka tena, ndipo hukatwa vipande virefu vyembamba kama utepe. Fundi huushika utepe chini ya gunia kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kuume huipitisha kulabu toka juu, akavuta kitanzi kidogo kitokeze. Na kingine kando yake, na kingine, maelfu kwa maelfu. Hakuna fundo hata moja. Vitanzi havishikwi na kitu ila kule kubanana kwao. Vikisongamana, zulia hudumu miaka mingi. Vikiachana, mtoto akivuta kimoja kwa kidole mstari mzima humfuata.

Kila zulia lililokubaliwa lilishonewa nyuma kitambaa cheupe chenye jina la chama. Jina la mtu halikuandikwa. Walitaka hivyo wenyewe, wakisema kwamba mwenye sifa asijitenge na asiye na sifa.

Basi kati yao alikuwapo Bibi mmoja, mkubwa wao kwa umri, ambaye ndiye aliyewafundisha nusu ya wenzake. Macho yake yalianza kufifia. Siku moja alileta zulia lake, na mwenyekiti alikuwa ameitwa msibani. Kazi ya kulikagua ikawa yangu peke yangu. Nililigeuza, nikaliinua mbele ya dirisha, nikaona mwanga ukipenya katika gunia mahali pengi. Nilijua maana yake. Lakini nilijua pia kwamba mjukuu wake anahitaji madaftari na viatu, nami nikamtazama mikono, nikaona haya. Nikaandika katika kitabu: zuri.

Baada ya majuma machache mfanya biashara wa Njombe aliyekuwa akinunua mazulia yetu alilirudisha, limekwisha kuwa upara upande mmoja. Hakuishia hapo. Alipunguza bei ya mazulia yote ya mwezi ule, akisema kwamba ikiwa alama haimwonyeshi lililo imara na lisilo imara, yeye atanunua yote kama yasiyo imara. Siwezi kusema alikosea. Mama mmoja, ambaye kazi yake ni safi kuliko zote, alikuwa ameitegemea fedha ile kwa karo ya binti yake. Alinijia jioni, hakupiga kelele, akaniuliza: "Mwalimu, ile huruma yako umeilipa kwa fedha ya nani?"

Sikuwa na jibu. Zulia nililinunua mwenyewe kwa bei kamili, lakini bei ya mazulia mengine haikurudi kwa ajili hiyo.

Wapo watakaosema kwamba chama ni cha kusaidiana, na kama mwenye nguvu hambebi dhaifu, ya nini kuungana? Neno hili ni kweli, lakini lina mpaka wake. Hapo chini, penye pwani ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu. Mwenye kununua hugonga chungu kwa kidole akasikiliza mlio wake, na mfinyanzi yupo mbele yake. Ubaya wa chungu, kama upo, humrudia yeye aliyekifinyanga. Lakini watu waliokwisha kuweka jina moja juu ya kazi zao zote wamepeana dhamana. Anayeitia doa alama ile hatoi sadaka ya mali yake. Anatoa ya wenzake, tena bila kuwauliza.

Hata hivyo, naogopa chama kijuacho kukataa tu. Katika mji wa Florence, huko Italia, palikuwa na chama kikuu cha wenye biashara ya sufu kilichoitwa Arte della Lana. Kilikuwa na sheria zake, wakaguzi wake na adhabu zake, na nguvu zake zilikuwa nyingi hata mwaka 1331 kilikabidhiwa usimamizi wa ujenzi wa kanisa kuu la mji. Lakini wachambuzi na wachanaji wa sufu, watu walioitwa Ciompi, walitawaliwa na sheria za chama hicho wala hawakuruhusiwa kuwa na chama chao. Mwaka 1378 waliasi, wakaushika mji, na mmoja wao, Michele di Lando, mchanaji wa sufu, akawekwa kuwa mkuu wa serikali. Walipata chama chao. Kabla mwaka ule haujaisha kikavunjwa. Nguo za Florence zilisifiwa mbali, lakini wengi walioichana sufu yake hawakuwa na sauti barazani.

Nilikuwa nikiwaza hivi, nikipima upande wa chama na upande wa Bibi, hata nilipokwenda kwake kumweleza. Nilimwamkia, "Kamwene, Bibi," akanikaribisha motoni. Nilipomaliza maneno yangu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza:

"Ulipoligeuza, uliona?"

"Niliona, Bibi."

"Mimi sikuona. Wewe ulikuwa na macho, ukaninyima." Akachochea moto. "Wale mabinti nimewafumulia kazi mara ngapi! Walilia, wakaanza upya. Sikuwaonea haya, maana nilijua wataweza. Wewe, mwanangu, umenionea haya kama mtu aliyekwisha kufa."

Nilikuwa nimeipima kesi kati ya watu wawili, chama na Bibi, nikidhani kwamba nilimwibia mmoja ili kumpa mwingine. Kumbe Bibi naye nilimwibia. Fedha ya zulia aliipata, ni kweli. Lakini nilimwondolea haki ya fundi, yaani kuambiwa kweli juu ya kazi yake wakati angali aweza kuifumua. Mwanafunzi mvivu humsahihishi ukisema kwamba hesabu yake ni sahihi. Hilo nalijua vizuri darasani, nikalisahau mbele ya mvi.

Huko Nanyuki, katika Kenya, wanawake walioanza mwaka 1977 chini ya kanisa la Presbiteri waligawana kazi ya sufu: kusokota ni kazi, kutia rangi ni kazi, kufuma mazulia ni kazi. Niliwaeleza wenzetu habari hiyo, na Bibi sasa huenda Makambako pamoja na wachaguzi. Huishika sweta kati ya vidole, huvuta kidogo, huinusa, na hakosei. Kijana mmoja humwambia rangi.

Lakini neno moja halijakatwa. Zamani kila mtu alilipwa kwa mazulia yake, naye Bibi hana zulia. Baadhi yao wasema apewe fungu sawa na wengine, kwa kuwa sweta baya huharibu kazi ya mwezi mzima. Wengine wasema kwamba kuchagua ni siku mbili, na kuvuta vitanzi ni siku ishirini. Yule mama wa karo hajasema upande wowote. Wamenitaka niandike kanuni kabla ya mavuno ya mahindi, na ukurasa wangu bado ni mweupe. Wenzangu walimu walio makatibu wa vyama vya namna hii wangenifaa sana kama wangeandika jinsi walivyokata shauri kwao.