Akiba ya uzee: tunaichunga kwa ajili ya nani?

Iko methali moja ambayo tunaifundisha hata darasani: akiba haiozi. Kwetu Congo methali hii inaomba maelezo, kwani sisi tumeona akiba ikioza. Mwaka 1967, feza ya Zaire ilipozaliwa, Zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwezi wa Desemba 1979 serikali iliondoa noti za Zaire 5 na 10, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Wengi waliochunga feza mu nyumba, mbali na benki, walibaki na makaratasi. Mwaka 1993 Zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya Zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 franka ya Congo ikachukua nafasi ya Zaire mpya 100,000. Apige hesabu anayetaka: franka 1 ya mwaka ule ilikuwa Zaire za zamani 300,000,000,000. Yule kijana aliyeanza kujinyima mwaka 1967 ili apumzike vizuri mu uzee wake, alifika uzeeni na nini?

Hata hivyo, watu wanaendelea kuweka akiba. Hapa hatuzungumzi juu ya makato ya lazima. Mfanyakazi wa kampuni anakatwa kwa sheria, na feza inaenda CNSS, ile iliyochukua mwaka 2018 nafasi ya INSS ya mwaka 1961. Tunazungumza juu ya ile ambayo mtu anaitoa kwa mapenzi yake: mama wa soko, fundi seremala, mwalimu, mchimbaji wa mawe, watu ambao hakuna anayewashika mkono. Ni nini kinachowasukuma?

Wengi watajibu mbio: ni woga wa njaa. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Woga peke yake hauweki akiba. Mara nyingi mwenye woga anakula leo, kwa sababu hana hakika ya kesho. Tena, uzee uko mbali. Kijana wa miaka 30 hamjui yule mzee wa miaka 65 atakayekuwa yeye mwenyewe. Ni kama mgeni ambaye hajawahi kumuona. Nani anajinyima nyama kwa ajili ya mgeni asiyemjua?

Tutazame historia yetu ya Katanga. Union Minière, iliyoanza mwaka 1906, na baadaye Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho, hospitali, na shule kwa watoto. Wazee walisema: « Kazi njo baba, njo mama. » Mwenye baba na mama wazima hafikirii sana juu ya kesho, wao wanafikiri kwa ajili yake. Halafu mambo yakaharibika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ulioitwa « départs volontaires », uliotegemezwa na Benki ya Dunia. Kila mmoja alipewa feza yake kwa mara moja. Wako waliojenga, wako walionunua gari la kubeba watu, wako walioanza biashara. Lakini kwa wengi feza iliisha upesi, na mtaani wakachekwa: « Bale hawakujua kuchunga franga! »

Sisi hatukubali kicheko hicho. Watu wale walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Feza ilipofika, ilikuta madeni yamekaa mlangoni. Na zaidi ya hayo, kuweka akiba ni desturi, na desturi inajifunzwa polepole, pamoja na wengine. Mtu ambaye miaka 25 kampuni ilimfikiria kesho yake, huwezi kumpa kesho yote mu bahasha moja na kumwambia: haya, jua sasa.

Basi desturi hiyo inajifunzwa wapi? Jibu liko mtaani mwetu: ni likelemba. Watu 10 wanaelewana, kila mwezi kila mmoja anatoa dola 20, na mmoja anachukua 200, kwa zamu. Hakuna faida inayoongezeka. Mwenye hesabu kali angesema: ni bure, chunga dola zako 20 peke yako, utafikia 200 ile ile. Lakini mama wa soko anajua kinachokosekana mu hesabu hiyo. Anasema: « Franga ya peke yako haina mwenyewe, ya wenzako iko na macho. » Anatoa kwa sababu anangojewa. Anatoa kwa sababu asipotoa, jina lake litaharibika. Benki inaweza kufunga na noti inaweza kufa, lakini wenzake tisa anawajua nyumba zao. Basi msukumo wa kwanza ni uaminifu unaoonekana kwa macho.

Ni kweli kwamba likelemba inazunguka kwa mwaka mmoja, na uzee unaomba miaka 30. Kwa hiyo wenye akili hawaiachi zamu yao ipite hivi hivi. Zamu hii inanunua matofali, ile inanunua mabati, ingine inalipia kiwanja. Kidogo kidogo vyumba viwili vya kupangisha vinasimama nyuma ya nyumba. Tofali haliogopi serikali kubadilisha noti. Ndiyo maana mu mji wetu akiba ya uzee mara nyingi ina umbo la ukuta ambao haujamalizika.

Lakini msukumo ulio mkubwa zaidi bado hatujautaja. Ndugu zetu Babemba wana methali: Mayo mpapa, naine nkakupapa. Mama, nibebe mgongoni, nami siku moja nitakubeba. Wengi wanaisoma methali hii kama mkataba: mtoto njo akiba, basi akiba ingine ya nini? Wengine wanaenda mbali zaidi: anayejiwekea feza ya uzee, hawaamini watoto wake, amekuwa mchoyo kama watu wasiojua jamaa.

Tuulize basi: mgongo wa mtoto wetu uko na nguvu gani leo? Ana diploma, hana kazi. Ana watoto wanne, na kila muhula shule inamngoja. Siku mzee anapougua, mtoto huyo anawekwa mbele ya chaguo baya: dawa ya baba, ao masomo ya mwana wake. Chochote atakachochagua, atakuwa amemkosea mtu. Mzazi anayejinyima mapema anataka mwanae asifikishwe pale. Hajakana ile methali. Anataka kubebwa, lakini awe mwepesi.

Tena kuna heshima. Kwetu mzee ni yule anayesema mu kikao cha jamaa na akasikilizwa, anayetoa kitu mu kilio, anayempa mjukuu daftari. Mzee anayeomba kila siku sabuni na bukari, neno lake linapungua uzito, hata kama lina hekima. Waulize wanaojinyima: wachache watakuambia wanataka kula vizuri; wengi watakuambia wanataka kubaki watu mbele ya watu. Mchoyo anachunga ili asitoe. Mwenye akiba ya uzee anachunga ili aweze kutoa hata siku mikono itakapochoka. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa.

Tusimhukumu, lakini, anayepata chakula cha siku kwa siku. Huwezi kuchunga kilichoisha kabla ya jioni. Na wala akiba ya mtu binafsi isiwe kisingizio cha Leta na mabwana wa kazi kusahau deni lao kwa waliowatumikia. Lakini aliye na kidogo kinachobaki, asingoje woga umsukume. Atafute wenzake wanne ao watano anaowaamini, na pamoja nao amtaje yule mzee ambaye kila mmoja atakuwa. Tukishamjua kwa uso, hatakuwa mgeni tena, na kumchungia sahani yake hakutakuwa mzigo.